Pleya ya babu: Anzeni na waya na sindano kabla ya kuwasha

Zipo familia ambazo bado zina pleya ya santuri iliyofunikwa kitambaa juu ya kabati au kufungiwa stoo tangu mwenyewe alipofariki. Siku hizi vijana wamezikumbuka. Wanaitoa, wanaifuta vumbi na kuichomeka kwenye umeme jioni hiyohiyo, watoto wakiwa wameizunguka.

Haraka hiyo ina hatari mbili. Ya kwanza ni kwa watu waliomo sebuleni. Ya pili ni kwa santuri zenyewe, kwani mfereji wa sauti ukikwanguliwa na sindano mbovu hakuna fundi wa kuurudisha. Kama hiyo ndiyo nakala pekee iliyobaki katika ukoo, wimbo umekwenda.

Umeme kwanza

Mzazi asikimbilie soketi. Ageuze pleya na kusoma kibandiko cha nyuma au chini. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230 na Kenya ni volti 240. Pleya zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100 na za Marekani volti 120. Zikichomekwa moja kwa moja hapa kwetu zinaweza kuungua na kutoa moshi. Zinahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Kibandiko hutaja pia hezi. Umeme wetu ni hezi 50, wa Marekani ni 60. Mota za zamani zinazofuata hezi za umeme hazisaidiwi na transfoma: santuri ya mizunguko 33 kwa dakika itazunguka karibu mara 28, na mwimbaji atasikika kama mtu mwenye usingizi. Ndiyo maana pleya kama Garrard 301 ya Uingereza, ya miaka ya 1950, ilikuwa na puli tofauti za hezi 50 na 60. Fundi hubadilisha puli, si mota.

Kisha uangaliwe waya. Mpira wa waya wa miaka 40 au 50 hukauka na kupasuka, na shaba ikabaki wazi. Waya wa namna hiyo haufungwi selotepu, unabadilishwa wote. Baadhi ya watu, wakisikia spika zinavuma, hung'oa waya wa ethi ndani ya plagi ili kelele iishe. Kelele inaweza kuisha kweli, lakini kinga ya uhai imeondoka nayo. Hitilafu ikitokea, bodi la chuma linaweza kubeba umeme, na wa kwanza kuligusa huenda akawa mtoto.

Sindano ndogo, hasara kubwa

Watengenezaji wengi hukadiria sindano ya almasi kudumu saa 500 hadi 1,000. Familia inayosikiliza saa moja kila siku itafika mwisho wa sindano yake katika miaka mitatu au kabla. Iliyokuja na pleya ya babu hakuna ajuaye imetumika kiasi gani, hivyo ni busara kununua mpya kabla ya kugusa santuri yoyote ya thamani.

Uzito wa mkono nao upimwe kwa mizani ndogo ya gramu. Katriji nyingi za sumaku hutaka gramu 1.5 hadi 2, ila kipimo sahihi ni kile cha mtengenezaji. Kuweka sarafu juu ya mkono ili sindano isiruke ni kuilima santuri.

Santuri za mizunguko 78 zina sharti lake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, nyimbo zake zilitoka katika santuri za aina hiyo. Mfereji wake ni mpana, na sindano yake ina ncha nene takribani mara nne kuliko ya LP. Tena zimetengenezwa kwa shelaki, ambayo huyeyuka kwa spiriti. Dawa ya kusafishia yenye spiriti inaziharibu, na chupa yake isiachwe mahali mtoto anapofikia.

Pesa ziende wapi

Anayetaka kuboresha pleya haanzi kwa kununua jina kubwa. Mkanda mpya wa mpira, oili mpya kwenye mhimili, sindano na vipimo sahihi huleta mabadiliko makubwa kwa gharama ndogo. Baada ya hapo ndipo huja katriji bora, kisha pleya nyingine. Technics SL-1200, iliyotoka mwaka 1972 na kupendwa na madijei, ilisimamishwa mwaka 2010 na kurudi sokoni 2016. Anayenunua iliyotumika bado anapaswa kusoma volti.

Kifaa kinachosahaulika ni amplifaya ndogo ya fono. Umeme unaotoka kwenye katriji ya sumaku ni mdogo mno, hivyo ikiunganishwa kwenye tundu la kawaida la redio, sauti hutoka nyembamba na ya chini. Watu huzungusha sauti hadi mwisho. Mtoto akihamisha swichi kwenda redio, spika hulipuka masikioni mwake.

Masikio na rafu

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu. Sauti ishushwe kabla ya sindano kutua, hasa mtu anapovaa hedifoni.

Mwisho ni rafu. Santuri 100 za LP pamoja na majalada yake zinaweza kufika kilo 20 na zaidi. Zisimamishwe wima katika rafu iliyofungwa ukutani, mbali na unyevu. Majalada yenye koga yasafishwe nje, na mwenye pumu asikabidhiwe kazi hiyo.

Yakikamilika haya, watoto waitwe wasikilize. Wafundishwe kushika santuri kwa kingo, na mkono wa pleya uinuliwe na mkubwa hadi watakapoizoea.