Moshi mweupe wa asubuhi: maswali matatu mbele ya kufungua motere

Anayelima viazi kwenye vilima vya Lubero anajua baridi ya saa kumi na moja ya asubuhi. Uko juu ya metre 2.000, umande umejaa kwenye majani, na kamio ya koperative inapaswa kuteremka Butembo mapema, soko likiwa bado na nafasi. Shofere anageuza ufunguo. Demarere inalia mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Halafu motere inawaka kwa kutetemeka, na moshi mweupe unafunika kiwanja chote.

Hivyo ndivyo tulivyoikuta kamio ya koperative moja tuliyoitembelea. Magunia yalikuwa yamekwisha kupakiwa. Fundi aliyeitwa alitazama moshi, akatikisa kichwa, akasema: "Hii motere imekwisha. Lazima tufungue." Bei aliyotaja ilikuwa karibu na pesa yote iliyowekwa kwa kununua mbegu. Mama prezida akatugeukia: "Ninyi munasema nini? Tutoe pesa ya mbegu?"

Tulimwomba jambo moja tu: tungoje mpaka kesho asubuhi, motere ipoe kabisa, tuitazame tangu mwanzo. Kesho yake tulikuta bugi za kupasha moto mbili kati ya nne zimekufa, na kichwa cha batri kimelegea na kushika kutu. Bugi mbili zilinunuliwa, kichwa cha batri kikasafishwa na kukazwa, kamio ikawaka vizuri. Pesa ya mbegu ilibaki kwenye sanduku.

Tulifurahi sana, na habari ile tukaieleza kila fasi tuliyofika: "Moshi mweupe? Angalieni bugi!" Kumbe tulikuwa tunaeleza nusu ya mambo. Koperative ingine ilitusikia, ikanunua bugi mpya, na mwisho ikapoteza motere yake. Ndiyo sababu tunaandika makala hii: moshi ni mmoja, lakini magonjwa ni zaidi ya moja.

Moshi mweupe unatoka wapi?

Motere ya mazutu haina cheche kama ile ya essence. Inakandamiza hewa kwa nguvu mpaka hewa ile inakuwa moto sana, halafu injekteri inanyunyiza mazutu, nayo yanawaka yenyewe. Asubuhi chuma ni baridi, na juu mlimani hewa ni nyepesi. Moto ukipungua, mazutu hayawaki yote. Yanatoka kwenye bomba kama ukungu mweupe unaochoma macho.

Lakini maji pia yakiingia ndani ya silinda yanageuka mvuke, na mvuke ni mweupe. Kwa macho tu, ni vigumu kutofautisha. Kwa hiyo tunauliza maswali matatu. Yote matatu hayana malipo.

Swali la kwanza: moshi unadumu muda gani?

Mvuke mwepesi unaopotea baada ya dakika moja ao mbili ni jambo la kawaida asubuhi ya baridi. Usisumbuke.

Moshi ukiwa mzito, motere ikitetemeka kama inatembea na mguu mmoja, halafu yote yakanyamaza motere ikipata moto, mara nyingi ni mazutu yasiyowaka. Wazia bugi, batri, ao hewa iliyoingia kwenye bomba za mazutu.

Moshi ukiendelea hata kamio ikiwa imetembea na kupata moto, hapo kuna neno kubwa zaidi: maji yanaingia, ama injekteri inamwaga, ama pompi inapeleka mazutu kwa kuchelewa, ama silinda zimechoka na hazikandamizi tena.

Swali la pili: moshi unanuka nini?

Simama kando, usiweke uso mbele ya bomba. Mazutu yasiyowaka yananuka mazutu na kuchoma macho. Shika karatasi nyeupe karibu na bomba kwa muda mfupi: ikibaki na alama ya mafuta, ni mazutu. Ikilowa maji tu, chunguza zaidi, kwa sababu maji kidogo wakati wa kuwasha si ugonjwa.

Vitabu vingine vinasema maji ya radiatere yananuka utamu. Ni kweli kwa wale wanaotia dawa ya radiatere. Lakini kamio zetu nyingi zinatiwa maji ya mto ao ya mvua, na maji hayo hayanuki kitu. Usiseme "sisikii utamu, basi radiatere ni nzima."

Jambo hili lote lifanyike nje. Moshi wa motere ndani ya depo iliyofungwa unaua mtu bila yeye kujua.

Swali la tatu: maji yanapungua?

Hili ndilo swali tuliloacha kusema, na ndilo lililoangusha ile koperative ya pili.

Baada ya bugi mpya, moshi wao haukuisha. Wanamemba walisema bugi zilikuwa za bei rahisi, basi wanunue zingine. Lakini shofere alikuwa anajua kitu. Kila asubuhi alikuwa anatia maji ndani ya radiatere, mwanzoni chupa moja, baadaye bidon nzima ya lita tano. Hakumwambia mtu. Siku moja, kwenye kupanda mlima na mzigo wa viazi, motere ilichemka na kuzimika. Kilasi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda, ilikuwa imepinda. Viazi vilikaa njiani mpaka vikaanza kuoza, na magunia yale yalikuwa ya jamaa nyingi.

Tulipomuuliza kwa nini alinyamaza, alijibu: "Kama ningesema, wangesema ni mimi niliharibu. Nilitumaini itafika mwisho wa msimu."

Jointi ya kilasi ikiungua mapema, ni kazi ya kubadilisha jointi na kuhakikisha kilasi iko sawasawa. Ikiachwa, inakula motere nzima. Kwa hiyo:

– Tazama maji asubuhi, motere ikiwa baridi, mbele ya kuwasha. Usifungue kamwe kifuniko cha radiatere ya moto; maji yanaruka na kuunguza uso.

– Kama maji yanapungua na hakuna fasi inayovuja chini wala kwenye mipira, inawezekana yanaingia ndani ya motere.

– Washa motere ikiwa bado baridi, kifuniko kikiwa kimetolewa, na utazame kwa muda mfupi. Mapovu yanayotoka bila kuacha ni alama kwamba moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Zima na urudishe kifuniko mbele maji hayajapata moto.

– Vuta kijiti cha kupimia mafuta ya motere. Mafuta yakiwa kama maziwa ya chai, usiwashe tena. Ute mweupe kidogo chini ya kifuniko cha mafuta peke yake unaweza kutoka kwa safari fupi na baridi, lakini kwenye kijiti ni hatari.

– Demarere ikigonga mara moja na kukwama, usilazimishe wala kusukuma kamio. Inawezekana maji yamejaa silinda usiku, na ukilazimisha utapinda vyuma vya ndani. Ita fundi.

Kama maji hayapungui

Hapo rudi kwenye mambo madogo, kwa utaratibu huu.

Batri kwanza. Demarere ikizunguka polepole, hewa haipati moto wa kutosha. Safisha vichwa vya batri na uvikaze.

Kisha bugi za kupasha moto, kama motere yako iko nazo. Motere zingine kubwa hazina. Zingine zinapasha hewa kwenye njia yake ya kuingilia. Kupima bugi si kazi ngumu. Ondoa bamba linaloziunganisha. Chukua taa ndogo ya volti sawa na za kamio, unga waya moja kwenye upande wa plus wa batri, na waya ingine gusisha kichwa cha bugi. Taa ikikataa kuwaka, bugi ile imekufa. Ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Bugi zote zikiwa nzima, fundi apime kama umeme unafika kwenye bamba wakati ufunguo umewekwa kwenye kontakti. Fusibule ao rele inaweza kuwa na kosa.

Halafu mazutu. Wengi wetu tunanunua kwa bidon, kwa wale wauzaji wa kando ya barabara tunaowaita kadafi. Weka mazutu kidogo ndani ya chupa safi inayoonyesha, iache usiku kucha. Maji ni mazito kuliko mazutu, yatakaa chini. Ukiyaona, mwaga maji ya chini ya filtri, na usitie tena mazutu yale bila kuyatenganisha.

Injekteri, pompi na nguvu ya silinda ni za fundi. Bomba za injekteri zina nguvu inayoweza kupenya ngozi. Usizilegeze mwenyewe.

Na tafadhali: usinyunyize eteri wala essence kwenye njia ya hewa ya motere yenye bugi. Inaweza kulipuka na kuvunja pistoni. Na moto wa makaratasi chini ya motere umekwisha kuchoma kamio zaidi ya moja.

Kitabu cha kamio

Ile koperative ya pili sasa iko na kitabu kidogo kinachokaa ndani ya kamio. Kila asubuhi shofere anaandika mambo manne: maji aliyoongeza, mafuta ya motere aliyoongeza, moshi ulidumu dakika ngapi, na mazutu yalinunuliwa wapi. Kila juma, mtunza sanduku anasoma na kutia sahihi.

Wanamemba walikubaliana neno moja zaidi, na sisi tunaona ndilo kubwa: shofere akitoa habari mbaya mapema, halipi yeye. Maji ya chupa moja yakiandikwa siku ya kwanza, mko bado na wakati wa kuamua. Yakifichwa mpaka bidon, mlima ndio utaamua kwa ajili yenu.

Kwa hiyo, fundi akisema "tufungue", msimkatalie, lakini mwulize: unadumu muda gani, unanuka nini, maji yanapungua? Fundi mzuri hatachukia maswali haya. Atafurahi kwamba mumekwisha kumfanyia nusu ya kazi. Na pesa ya mbegu itoke kwenye sanduku kwa kununua mbegu.