Paka Anayekuja Mlangoni: Namna ya Kumkaribisha Nyumbani



Mama mmoja aliniuliza hivi: "Munganga, kuna paka anayekuja kila jioni mlangoni pa jikoni. Watoto wanamtupia ndagala. Sasa anajisugua miguuni petu na kulia. Tumwingize ndani ao tumfukuze?" Kabla sijamjibu, mzee aliyeketi karibu naye akasema: "Mfukuzeni. Paka anayekuja bila kuitwa ametumwa na mtu."

Nitaanza na neno la mzee yule, kwa maana neno hili linaua paka wengi kwa mawe, na tena linagombanisha jirani na jirani. Paka analia usiku sababu gani? Paka jike anaita dume, na madume wanapigana juu yake. Macho yake yanangaa mbele ya taa sababu gani? Nyuma ya jicho lake kuna ngozi inayorudisha mwangaza, namna ile ile kama jicho la mbuzi na la ng'ombe, na hakuna mtu anayemwogopa mbuzi wake. Paka anakuja kwako sababu ana njaa, na jikoni kwako kuna harufu ya samaki. Ni hivyo tu. Katika vitabu 66 vya Biblia yetu paka wa nyumbani hatajwi hata mara moja, wala kwa kusifiwa wala kwa kulaaniwa. Lakini Mezali 12:10 inatufundisha kwamba mtu wa haki anaangalia nyama wake, na paka ukimfuga ni nyama wako.

Basi, faida yake ni nini? Faida yake ni panya. Panya anakula mahindi na mihogo yako, anakojoa juu ya chakula, na viroboto vyake vinaleta ugonjwa wa tauni, ambao wengi wanauita pesti. Soma 1 Samweli 5 na 6. Wafilisti walipopigwa na majipu walitengeneza majipu matano ya dhahabu na panya watano wa dhahabu. Waganga wengi wakisoma habari ile wamefikiri juu ya pesti. Mwaka 1894 munganga Alexandre Yersin aliona mdudu wa ugonjwa huu kule Hong Kong, na mwaka 1898 munganga mwingine, Paul-Louis Simond, alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayeupeleka toka panya mpaka mtu. Sisi watu wa Ituri hatuhitaji kuambiwa kama ni kweli. Upande wa Mahagi na Djugu wazee wetu waliujua ugonjwa huu zamani za Wabelgiji, na haujaisha. Mwaka 2005 pale Zobia, penye wachimbaji wa almasi, pesti ya mapafu iliua watu zaidi ya 50.

Watu wanasikia maneno haya na kusema: "Kumbe! Tuchukue paka wengi." Ngoja kwanza. Paka anayekula panya mwenye pesti anaweza kuugua pesti yeye mwenyewe. Anapata homa, anavimba chini ya taya, pengine anakohoa, na pumzi yake na makucha yake vinaweza kumwambukiza mtu. Katika Marekani, toka mwaka 1977 mpaka 1998, watu 23 walipata pesti kwa njia ya paka, na watano wao walikufa. Kwa hiyo shika sheria hii. Ukiona panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba ao shambani, usifurahi kwamba paka amefanya kazi. Usiwashike kwa mkono. Mfungie paka ndani asiwale, kisha peleka habari kwa munganga wa kituo cha afya siku ile ile. Na mtu akipata homa kali pamoja na mtoki wenye maumivu katika kinena, kwapa ao shingo, asilale nyumbani akingoja. Iko dawa, na inaponyesha ikiwahi.

Sasa tuje kwa paka wako. Neno la kwanza si chakula wala kitanda chake. Neno la kwanza ni kuuliza: huyu ni wa nani?

Mimi mwenyewe nilikosa katika jambo hili. Paka jike mweupe mwenye madoa ya manjano alianza kuja kwetu jioni. Alikuwa mpole sana, na mke wangu alimpenda. Siku ya nne nikamwingiza ndani na kufunga mlango. Usiku kucha alilia na kukwaruza mbao, nami nikasema atazoea. Siku mbili alikataa kula. Siku ya tatu alinyamaza, nasi tukamshukuru Mungu. Juma moja likapita. Mjane wa kanisa letu, mwenye nyumba ng'ambo ya kijito, akatuambia baada ya maombi kwamba paka wake amepotea, na watoto wanne wa yule paka wamekufa ndani ya kikapu, macho yao hayajafumbuka bado. Aliwafuga apate kulinda mahindi yake, kwa maana hana ghala nzuri. Nilisikia haya mbele ya mchungaji. Kila siku natazama mama wanaonyonyesha, lakini sikutazama tumbo la paka yule hata kidogo.

Kwa hiyo, paka akija kwako, mtazame. Kama ni mpole na mnono, labda ana mwenyewe. Kama chuchu zake ni kubwa na manyoya yanayozizunguka yamelambwa yakaisha, ana watoto mahali fulani. Mpe chakula na kumwacha aende, halafu umfuate kwa mbali. Uliza jirani wa pande zote, hata wale usioongea nao. Tangaza kanisani Jumapili mbili. Mtu akisema ni wake, mrudishie pasipo kudai malipo ya ndagala.

Kama hakuna mtu anayemdai, fikiri sasa juu ya wazimu wa mbwa. Watu wengi wanadhani ugonjwa huu ni wa mbwa tu. Si kweli. Mbwa analeta wagonjwa wengi kuliko wote, lakini paka naye anaweza kuumwa na mbwa mwenye wazimu, kisha kuuma mtu. Tena ugonjwa huu unageuza tabia. Paka mpole anakuwa mkali, lakini paka mkali wa porini naye anaweza kuwa mpole kwa gafula na kukaribia watu bila hofu. Ndiyo sababu nasema upole peke yake si ushuhuda. Mtazame kwa siku nyingi ukiwa mbali kidogo. Je, mate yanamtoka mdomoni? Taya limelegea? Miguu ya nyuma inayumba? Sauti yake imebadilika? Anajificha gizani na kuruka juu ya kila kinachopita? Usimguse. Ondoa watoto, mwite munganga wa nyama ao mkubwa wa kijiji.

Na kama paka, wa nje ao wako, akimwuma mtu ao kumkwaruza na damu ikatoka, fanya hivi mara moja. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Si dakika mbili! Mwagia maji toka kopo, sugua na sabuni, mwagia tena. Usitie pilipili, majani yaliyotwangwa, wala mafuta ya gari. Usifunge kwa nguvu. Halafu enda lopitali ukaombe chanjo. Inatolewa kwa siku zilizopangwa, zaidi ya mara moja, na ukiacha katikati kwa sababu kidonda kimekauka unajidanganya. Kidonda kikiwa kikubwa ao kiko usoni, kuna dawa nyingine ya kuingizwa katika kidonda chenyewe. Mtoto wa kwanza ambaye Louis Pasteur alimpa chanjo hii, mwaka 1885 katika Ufaransa, alikuwa mvulana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mara nyingi, naye akaishi. Lakini mtu akianza kuogopa maji na koo kumbana, karibu wote wanakufa, hata katika lopitali kubwa za Ulaya. Sisi tunaweza kuomba naye na kupunguza maumivu yake. Hatuwezi kumrudisha. Nimesimama kando ya kitanda namna hiyo, na baba wa mtoto akaniuliza kwa nini sikuwa nimemfundisha habari ya sabuni.

Paka aliyeuma mtu asiuawe kwa haraka kama anaweza kufungwa salama. Mfungie mahali na kumtazama siku 10. Akiwa mzima siku ya kumi, mate yake hayakuwa na ugonjwa siku ile alipouma. Lakini kutazama huku kusikuzuie kwenda lopitali siku ya kwanza.

Mpeleke paka kwa munganga wa nyama apate chanjo yake, akiwa na miezi mitatu ao zaidi, na kuirudia kila wakati atakaokuambia. Uliza pia dawa ya minyoo. Ukiweza, omba ahasiwe, kwa maana paka jike anabeba mimba siku karibu 63 tu na anaweza kubeba nyingine akiwa ananyonyesha bado. Anayekaribisha paka mmoja anaweza kuona kumi kabla mwaka haujaisha, na hao kumi ndio wanaotupwa sokoni.

Kumwingiza ndani kunataka uvumilivu. Mpe chakula mahali pamoja, saa moja, mtu yule yule. Kila siku sogeza sahani karibu na mlango, kisha ndani ya mlango. Usimkamate mgongoni wala kumfukuzia pembeni. Keti chini, nyamaza, mwache akunuse. Watoto wafundishwe hivyo hivyo, na hasa wasimvute mkia. Akizoea kula ndani, chagua chumba kimoja chenye mlango mzuri, jikoni ao stoo, na kumweka humo majuma mawili ao matatu. Mpe kikapu chenye nguo kuukuu, maji safi, na sanduku la mchanga ao majivu baridi kwa kujisaidia. Weka mbali chakula na sanduku hilo, kwa maana paka hapendi kula karibu na choo chake, na katika jambo hili anatushinda wengine. Siku za kwanza atajificha chini ya kitu. Mwache. Siku ya kumfungulia, mfungulie kabla ya chakula cha jioni, akiwa na njaa, ukimwita na sahani mkononi. Atarudi.

Chakula chake? Wengine wanasema: "Usimlishe, ndipo atakamata panya." Wanakosa. Paka aliyeshiba anawinda bado, na ana nguvu kuliko mwenye njaa, wala hataiba nyama katika sufuria. Lakini bugali peke yake na sombe havimtoshi. Mwili wake unataka nyama ao samaki. Akikosa siku nyingi moyo na macho yake yanaharibika. Vichwa vya samaki, matumbo ya kuku yaliyopikwa na ndagala vinatosha. Maziwa si lazima, yanawaharisha paka wengi.

Mavi yake yaondolewe kila siku, yafukiwe mbali na kisima na bustani ya mboga, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Mama mwenye mimba asifanye kazi hii. Bwana wake aifanye. Katika mavi ya paka kunaweza kuwa na mdudu mdogo asiyeonekana, anayeweza kuharibu mimba ao macho na ubongo wa mtoto tumboni. Mdudu huyu anahitaji siku moja ao zaidi nje kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kuondoa mavi kila siku kuna maana. Lakini, mama, usimtupe paka kwa hofu. Watu wengi wanampata mdudu huyu katika nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa.

Viroboto viondoe kwa kitana chenye meno ya karibu, ukivitumbukiza katika maji ya sabuni, na kitambaa cha kikapu ukichemshe. Usimpake mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbwa. Paka anajilamba mwili mzima, na sumu yote inaingia tumboni. Vilevile usimpe paracetamol; kidonge kimoja cha mtu kinaweza kumwua. Na kama umeweka sumu ya panya nyumbani, usiweke paka, kwa maana panya aliyekula sumu atamwua na yeye. Watoto wasilale naye kitanda kimoja, na mtoto mwenye alama ya duara inayowasha katika ngozi aletwe lopitali, pamoja na habari kwamba nyumbani kuna paka. Pengine ni choa, na wote wawili watapata dawa.

Yule mweupe mwenye madoa nilimrudisha ng'ambo ya kijito siku ile ile, pamoja na debe la mahindi. Mjane hakusema neno kubwa. Alipopata watoto wengine, alinitumia ujumbe kwamba mmoja ni wetu. Nikampelekea kuku, kama desturi. Ndiye anayelala sasa juu ya magunia katika stoo yetu, na karatasi yake ya chanjo imetundikwa ukutani pamoja na za watoto.