Batli Kwanza: Kanzidata Inapokataa Kuanza Baada ya Tarakilishi Kuwashwa Upya

Mtafiti wa Kiswahili wa siku hizi haendi nyanjani na daftari pekee. Aghalabu data zake huishia katika kanzidata, yaani hazina ya taarifa zilizopangwa katika majedwali ili zitafutwe kwa wepesi. Makala haya yanafafanua la kufanya hazina hiyo inapokataa kufunguka baada ya tarakilishi kuwashwa upya.

Mfano wetu unatoka Roret, katika eneo la chai la Kericho. Mwandishi alikuwa akikusanya huko msamiati wa wachumaji wa majani chai. Maneno aliyahifadhi katika kanzidata ya MariaDB, kwenye tarakilishi yenye mfumo wa Linux, pamoja na sauti za wazee aliowahoji. Jioni moja umeme ulikatika. Uliporejea, tarakilishi iliwaka lakini huduma ya kanzidata haikuanza. Ushauri wa kwanza aliopewa ulikuwa kuifuta faili iitwayo ib_logfile0, kisha ajaribu tena.

Ushauri huo ni wa hatari. Faili hiyo hubeba mabadiliko yaliyokwisha kuthibitishwa lakini ambayo huenda hayajafikishwa kwenye majedwali. Umeme ukikatika ghafla, MariaDB huitegemea kujirekebisha inapoanza. Kuifuta ni sawa na kuchana daftari la mizani kabla ya wakulima kulipwa.

Mabaharia huliita daftari la safari ya chombo batli. Neno hilo latufaa kwa kumbukumbu ambamo programu huandika yaliyoisibu. Amri ya journalctl -u mariadb huonyesha batli ya huduma hii, na humo hutajwa namba ya kosa. Namba 28 humaanisha kwamba diski imejaa. 13, kwamba huduma imenyimwa ruhusa ya kufikia faili zake. 2, kwamba faili au saraka haipo, pengine kwa kuwa diski ya nje haijaunganishwa. Na 98, kwamba mlango wa mawasiliano, ambao kwa kawaida ni 3306, umekwisha kushikwa na programu nyingine.

Ikumbukwe kwamba kuwasha upya mara nyingi hakuzui hitilafu, bali huifichua. Ruhusa iliyobadilishwa mwezi uliopita yaweza isionekane hadi siku huduma inapolazimika kufungua faili zake upya.

Batli ya Roret ilitaja 28. Sauti za mahojiano zilikuwa zimeijaza diski, hata huduma ikakosa nafasi ya kuunda faili ya muda inayoihitaji kila inapoanza. Sauti zilihamishiwa diski nyingine, huduma ikaanzishwa, nayo ikajirekebisha bila neno moja kupotea.

Kwa kuhitimisha, utaratibu ni huu: soma batli, nakili saraka nzima ya data huduma ikiwa imezimwa, rekebisha sababu iliyotajwa, ndipo uanzishe huduma. Maneno ya wazee hayakusanywi mara mbili kwa urahisi, kwani huenda ukirudi usimkute msemaji.