Maji ya Mwisho Ndiyo Yanayoacha Doa

Mara nyingi lawama humwangukia aliyeosha. Gari limetoka kwenye povu liking'aa, likaachwa juani, na baada ya nusu saa boneti na vioo vimejaa vijiduara vyeupe ambavyo kitambaa kikavu hakivitoi. Mwenye gari anaamini halikusuguliwa vya kutosha. Analisugua upya, anaongeza sabuni, na vijiduara vinarudi. Havina budi kurudi, kwa sababu si uchafu wa gari. Vimekuja na maji ya kuoshea. Kila tone lililobaki juu ya rangi limepaa kuwa mvuke, na madini yaliyokuwamo yamebaki pale pale lilipokuwa.

Kwa mtu wa Kalemie jambo hili si dogo, maana maji yaliyo karibu na wengi ni ya Ziwa Tanganyika, na maji hayo, pamoja na uangavu wake wote, yamebeba mzigo. Lita moja ina karibu nusu gramu ya madini yaliyoyeyuka. Dumu la lita 20, basi, lina gramu kama 10, sawa na vijiko viwili vya chai vya chumvi, visivyojaa sana. Magnesiamu hupita miligramu 40 kwa lita, kalsiamu ni kama 10, na sehemu kubwa ya mengine ni bikabonati, sodiamu na potasiamu. pH yake hukaribia 9, yaani ni maji ya upande wa magadi, si wa ndimu.

Ugumu wa maji hupimwa kwa kujumlisha kalsiamu na magnesiamu, kisha kuzihesabu zote kana kwamba ni kalsiamu kabonati. Yasiyofika miligramu 60 kwa lita huitwa laini. Yanayopita 180 huitwa magumu sana. Ya Tanganyika hufika kama 200. Tena sehemu nyingi za dunia ugumu huletwa zaidi na kalsiamu, lakini hapa magnesiamu ndiyo inayotangulia.

Madini hayo yametoka wapi? Mengi yameletwa na mto Ruzizi, unaoteremsha maji ya Ziwa Kivu kutoka nchi ya volkano za Virunga. Halafu jua likafanya kazi yake. Mto pekee unaotoa maji ziwani ni Lukuga, huu unaoanzia hapa Kalemie, nao unatoa kidogo: katika kila sehemu kumi za maji yanayoliacha ziwa, zaidi ya tisa hupaa hewani. Mpelelezi Verney Lovett Cameron alipofika Lukuga mwaka 1874, na mpelelezi Henry Morton Stanley mwaka 1876, mlango wake ulikuwa umesongwa na mimea. Miaka michache baadaye ukafunguka na usawa wa ziwa ukashuka. Mlango ukiziba, maji hayana pa kwenda ila juu, na mvuke haubebi madini. Kinachotokea ziwani kwa maelfu ya miaka ndicho kinachotokea kwenye boneti kwa nusu saa.

Pima kwanza

Si kila maji ya mjini ni sawa. Ya bomba, ya kisima, ya mto unaoshuka milimani na ya ziwa yanaweza kutofautiana sana, hata katika mtaa mmoja. Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Chukua chupa mbili safi, moja uitie maji ya mvua, nyingine maji unayotumia. Katia kila moja kipande kidogo cha sabuni ya kipande, cha ukubwa ule ule, kisha uzitikise. Ya mvua itajaa povu. Maji magumu yatatoa povu hafifu na utando mweupe unaoelea. Kwa uhakika zaidi, dondoshea tone la kila maji kwenye kioo na ukiache kikauke juani. Pete nyeupe utakayoiona ndiyo ile itakayokuwa kwenye gari.

Utando huo unatufundisha jambo kuhusu sabuni. Sabuni ya kipande, iwe ya mawese au ya mafuta mengine, hushikana na kalsiamu na magnesiamu ikawa kitu kisichoyeyuka, na kitu hicho hung'ang'ania rangi ya gari. Hivyo kuongeza sabuni hiyo katika maji magumu ni kuongeza utando. Shampuu ya gari haina shida hiyo, kwa kuwa imetengenezwa kwa namna nyingine. Isipopatikana, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu, hufaa mara moja moja. Huondoa nta ya kinga, kwa hiyo usiifanye desturi. Sabuni ya unga ya nguo ni kali kwa rangi.

Kuosha bila kuacha doa

Saa ndiyo jambo la kwanza. Kalemie iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na boneti yenye rangi nyeusi ikipigwa na jua la saa sita huchoma mkono. Maji hapo hukauka kabla hujageuka. Osha kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, au jioni jua likishapoa, na gari liwe kivulini. Kama limetoka safarini, liache lipoe. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, ongeza uangalifu, kwa kuwa upepo wa kusini-mashariki hukausha tone hata kivulini.

Lianze kwa maji matupu. Vumbi la barabara ni mchanga laini, na ukilipangusa likiwa kavu unaichora rangi. Kisha tumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Anza na paa, ushuke, ukimaliza sehemu moja na kuisuuza kabla ya kwenda nyingine. Sabuni isikaukie kwenye gari hata mara moja.

Maji ya mwisho ndiyo yanayoamua. Unaweza kuosha kwa maji ya ziwa tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, mradi lita tano za mwisho ziwe za mvua. Maji ya mvua yamepaa na kurudi bila madini, ni laini kuliko yoyote utakayoyanunua kwa dumu. Yamimine polepole kwa kopo kutoka juu, yateleze kama shuka moja. Ukiyarusha, yanavunjika kuwa matone, na kila tone ni doa linalosubiri.

Kuyapata hakuhitaji mtambo. Paa la mabati la mita 20 za mraba, likipata mvua ya milimita 10, hutoa lita 200. Mwanzoni mwa msimu, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa, ndipo uyakinge. Hifadhi pipa moja lenye kifuniko, mbu wasije wakazaliana, na litakusaidia hadi ndani ya kiangazi. Maji ya kunywa na ya kupikia yana haki ya kwanza. Gari linahitaji lita tano tu.

Ukishasuuza, kausha papo hapo kwa kitambaa cha mikrofaiba au cha pamba laini kilichofuliwa bila wanga. Kiweke, ukivute kuelekea kwako, usisugue. Fungua milango, ufute kingo zake, chini ya vioo vya pembeni na kwenye vishikio, maana maji huvizia humo na kuchuruzika baadaye. Wako wanaoliendesha gari ili likaushwe na upepo. Huko ni kuharakisha mvuke huku madini yakibaki, na vumbi jipya likinata juu yake.

Nta husaidia kwa kuwa huzuia madini kushikamana na rangi. Lakini haichukui nafasi ya kitambaa. Juu ya nta maji hujikusanya kuwa matone ya mviringo, na yakiachwa, kila tone huacha pete iliyokolea.

Likishaingia

Doa la leo si doa la mwezi jana. Likiwa jipya, madini yamekaa juu ya rangi tu. Likirudiwa na kupikwa na jua, huanza kula ule ung'avu wa juu.

Kwa doa jipya, osha gari kwanza, kisha changanya siki na maji kwa kiasi sawa, loweka kitambaa, kiweke juu ya doa dakika moja kivulini. Asidi ya siki huyeyusha kabonati. Suuza kwa maji mengi, kausha, paka nta. Maji ya ndimu hufanya kazi hiyo hiyo, lakini yachujwe na yasuuzwe vizuri. Usiiache siki ikaukie, wala isikae kwenye alumini au sehemu iliyochubuka rangi.

Majivu hayafai: ni ya upande ule ule wa magadi, hayawezi kuyeyusha madini haya, na yanachora. Mchanga na waya wa kusugulia sufuria huharibu zaidi. Maji ya betri nayo usiyatumie: ni asidi ya salfuriki. Huunguza rangi, chuma, ngozi na macho. Ukisha­fanya kwa siki mara mbili na bado unaona kivuli cha pete, doa limeshachimba, na hapo kazi ni ya fundi wa kung'arisha.

Oshea mbali na ziwa na mto. Maji hayo ndiyo ya kunywa kwa wengi, katika mji unaosumbuliwa na kipindupindu mara kwa mara, na ndiyo makao ya samaki wengi wasiopatikana penginepo duniani. Mafuta ya injini hayana nafasi humo. Gari lisimame penye nyasi, maji machafu yanywewe na udongo. Na kama ni kijana anayekuoshea, mkabidhi kitambaa safi na dumu la maji ya mvua, umlipe pia kazi ya kukausha, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonekana jua likitoka.