Punje Zilizogoma Katika Bisi

Wanafunzi wa bweni husema kwamba hapana sinema pasipo bisi. Na kweli, Jumamosi jioni, meza za bwalo zinaposogezwa kando na shuka jeupe likatundikwa ukutani, kila mwenye shilingi chache huwa amekwisha kujinunulia kifuko chake. Taa huzimwa, filamu huanza, na mikono huanza safari ya kwenda na kurudi baina ya kifuko na kinywa. Kisha, katikati ya kimya, husikika sauti moja: ka! Sauti hiyo haikutoka katika filamu. Ni jino la mtu limekutana na punje ambayo haikufumuka.

Punje za namna hiyo sisi twaziita zilizogoma, kwa kuwa zimekataa kazi iliyofanywa na wenzake. Wengi hudhani kuwa kukutana nazo ni bahati mbaya tu. Sivyo. Kila punje iliyogoma ina sababu yake, na mtu akiijua sababu, nyingi zaweza kuzuiwa kabla ya kufika kwenye sufuria, na zile zinazobaki zaweza kutengwa kabla ya kufika kwenye jino.

Jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Gamba la nje la jino ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, lakini likivunjika halioti tena. Mbeya ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na Iringa ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, lakini shule nyingi za bweni ziko mbali na miji hiyo, na mwanafunzi aumwaye jino hasomi wala halali. Kwa sisi wa Kidato cha Nne, ambao mtihani wetu wa taifa hufanywa mwezi wa Novemba, jino moja laweza kutupotezea wiki nzima ya masomo.

Kwanza tujue bisi ni mahindi gani. Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini yasifika nchini kote kwa mahindi, lakini yale mahindi meupe tunayosaga unga wa ugali si mahindi ya bisi. Ukiyakaanga hupasuka kidogo tu, nayo ni matamu, ila yataka meno ya ujana. Wanga wake mwingi ni laini na ganda lake halina nguvu ya kutosha. Mahindi ya bisi ni ndugu yake: punje zake ni ndogo, ngumu, na hung'aa. Ni mahindi ya kale sana. Huko Peru, katika Amerika ya Kusini, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya mahindi yenye umri wa miaka 6,700 hivi, nayo yaonyesha kwamba watu wa huko walikuwa wakila bisi tangu zama hizo.

Sasa tutazame ndani ya punje. Mna maji kidogo, yapata sehemu 14 katika kila sehemu 100 za uzito wake. Maji haya ndiyo baruti ya bisi. Sote twajua kuwa maharage huchelewa kuiva hapa kwetu. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka kwa joto la digrii 94 hivi za Sentigredi, si 100 kama Dar es Salaam. Lakini maji yaliyomo ndani ya punje ya bisi hayajali mwinuko huo. Ganda limeyafungia pande zote, mfano wa sufuria yenye kifuniko cha kukaza. Mvuke hauna pa kutokea, joto hupanda, na msukumo wa ndani hufikia yapata mara 9 ya msukumo wa hewa ya kawaida. Wanga hulainika ukawa kama uji mzito. Joto likifika digrii 180 hivi, ganda hushindwa na kupasuka. Uji ule hutanuka ghafula, hupoa papo hapo, na kuganda mfano wa ua jeupe.

Mwaka 2015 wataalamu wawili wa Ufaransa, Emmanuel Virot na Alexandre Ponomarenko, walieleza majaribio yao juu ya joto hilo. Katika digrii 170, punje 34 tu katika kila 100 zilifumuka. Katika digrii 180 zilifumuka 96. Angalia basi: tofauti ya digrii 10 tu yatosha kugeuza kifuko cha bisi kuwa kifuko cha kokoto.

Kutokana na maelezo hayo twaweza kuzijua sababu tatu za punje kugoma.

Sababu ya kwanza ni ganda lenye ufa. Ganda likiwa na ufa, hata mdogo usioonekana kwa macho, mvuke hutoka polepole na msukumo haupatikani. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima aina 14 za mahindi ya bisi. Aina iliyo bora iliacha punje 4 katika 100, na iliyo mbaya iliacha 47. Waliona kwamba tofauti ilitokana hasa na namna ganda lilivyoweza kuuzuia mvuke. Kwa hiyo mahindi ya bisi yasipurwe kwa kupigwa kwa fimbo ndani ya gunia; yapukuchuliwe kwa mkono taratibu, maana kila pigo laweza kuacha ufa.

Sababu ya pili ni ukavu. Baada ya mavuno huja miezi ya kiangazi yenye jua kali na upepo mkavu. Punje zilizoachwa juani siku nyingi hupoteza maji yake, na punje isiyo na maji ni bunduki isiyo na risasi. Dawa yake ni rahisi. Twaa chombo cha kioo cha lita moja, ujaze mahindi robo tatu, utie kijiko kimoja kikubwa cha maji, ufunike na kutikisa mara kwa mara, kisha uache kwa siku 3 au 4. Lakini usizidishe maji. Mahindi yenye unyevu mwingi huota ukungu, na ukungu waweza kuleta sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika Mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yakinuka ukungu, yatupwe.

Sababu ya tatu ni joto lisilosawazishwa. Mkaangaji mwenye haraka hujaza sufuria, na punje za juu hazipati moto. Afadhali afanye hivi. Atie mafuta kidogo, atupie punje tatu, afunike. Zikifumuka zote tatu, atie nyingine kwa kiasi cha kufunika kitako cha sufuria tu, zisipandane. Atikise sufuria, na kifuniko akiachie upenyo mdogo ili mvuke utoke, maana bisi zilizofungiwa mvuke huwa laini kama kitambaa kilicholowa. Milio ikipungua hata baina ya mmoja na mwingine zapita sekunde mbili, aepue. Akingoja punje ya mwisho ifumuke, ataziunguza zile nzuri.

Hata kwa mkaangaji hodari, punje chache zitabaki. Hapa ndipo chekeche la mama zetu lifaapo. Bisi iliyofumuka ni kubwa na nyepesi; punje iliyogoma ni ndogo na nzito. Ukitikisa chekeche lenye matundu yanayopitisha punje nzima, zilizogoma huanguka na maua hubaki juu. Kazi hiyo ni ya dakika moja. Muuzaji aifanyaye hapotezi kitu, tena hupata wateja wanaorudi.

Huenda mtu akauliza, mbona nyumbani hatuumii meno kama tunavyoumia kwenye sinema? Ni kwa sababu ya giza. Bisi na sinema hazikuzaliwa pamoja. Charles Cretors wa Chicago alionyesha mashine yake ya bisi, iliyoendeshwa kwa mvuke, katika maonyesho makubwa ya mji huo mwaka 1893. Miaka mingi baadaye wenye majumba ya sinema ya fahari huko Marekani walikuwa bado wakikataa bisi, wakichelea mazulia yao na kelele za kutafuna. Zilipokuja filamu zenye sauti, kuanzia mwaka 1927, na kisha ile dhiki kuu ya fedha ya miaka ya 1930, wakaona kwamba bisi ni chakula cha bei ndogo chenye faida kubwa, wakazikaribisha. Tangu siku hizo watu hula bisi gizani, macho yakiwa kwenye filamu. Kwa hiyo yawapasa vidole na ulimi kufanya kazi ya macho.

Kwa mlaji, basi, nina mashauri machache. Chukua bisi mbili tatu kwa vidole, usimimine konzi nzima kinywani. Kila kitu kigumu vidole vikiache. Ukila, uanze kutafuna polepole. Kifuko kikitikiswa, punje nzito hupenya na kushuka, kwa hiyo sehemu ya chini ndiyo yenye hatari. Taa zikiwa bado zimezimwa, usiile. Punje utakayoitoa kinywani itie katika karatasi, wala usiitupe sakafuni, kwa maana huita panya na kumtelezesha mwenzako. Na ule ubingwa wa kushindana kuvunja punje kwa meno tuuache kabisa, kwani hauna zawadi.

Wazazi wetu nao nawakumbusha juu ya wadogo zetu. Mtoto aliye chini ya miaka 4 asipewe bisi, si zilizofumuka wala zilizogoma. Hana magego ya kutosha, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Punje moja yaweza kuiziba.

Jino likivunjika, sukutua kwa maji safi ya uvuguvugu, usilitafunie, kamwarifu mwalimu au mlezi wa bweni usiku ule ule, upelekwe kwa mganga wa meno. Usingoje liume, maana jino huweza kuoza kimya kimya. Ganda likinasa katika ufizi, litolewe kwa uzi safi au mswaki, si kwa pini wala kijiti cha kiberiti.

Labda mwasema, na punje zenyewe tuzifanyeje? Zile ambazo hazikupata moto zaweza kukaangwa tena, na baadhi zitafumuka. Zenye ufa hazitafumuka kamwe, hata ukizikaanga mara kumi. Hizo, ikiwa hazikutiwa chumvi wala sukari, zitwangwe wapewe kuku. Mahindi ni jasho la wakulima wetu, na yasiyofaa kwa jino la mwanafunzi yafaa kwa kuku wa shule, nao watatulipa kwa mayai.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne