Si Kila Asemaye Kijaluo ni Mjaluo: Mashine na Elimu ya Nasaba

Mtu ni watu, walisema wahenga. Wataalamu wa kompyuta nao wanalisema neno hilo kwa lugha yao, na yafaa tuwasikilize, kwani latuhusu.

Ipo njia ya kuipa mashine maarifa kwa kuyafuma kama wavu wa mvuvi. Kila fundo ni kitu: mtu, mji au kabila. Kila uzi baina ya mafundo mawili ni uhusiano, nao hupewa jina lake. Mmarekani John Sowa alieleza namna moja ya kuzichora nyavu hizo mwaka 1976.

Natuchukue mfano wa bara. Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa pasi na chokaa, limo Migori. Migori imo Kenya. Mashine ikipewa kanuni kwamba kilichomo ndani ya Migori kimo pia ndani ya Kenya, itakata shauri yenyewe: Thimlich imo Kenya. Hakuna aliyeiambia. Hiyo ndiyo mantiki, elimu waliyoisoma mashekhe wetu tangu kale.

Lakini hukumu haiwi njema kuliko kanuni yake. Tazama visiwa vya Rusinga na Mfangano, huko Homa Bay. Wenyeji wake ni Wasuba, Wabantu ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Wengi wao wamezoea Kijaluo, hata Kisuba kikawa hatarini kupotea. Sasa ipe mashine kanuni hii: asemaye Kijaluo ni Mjaluo. Itawafuta Wasuba kwa mkupuo mmoja, na hesabu yake itakuwa sawasawa! Kosa ni la aliyefunga uzi.

Sisi wa pwani tusicheke. Tangu lini kila asemaye Kiswahili akawa Mswahili? Na neno "dada" je? Dada wa tumbo moja aweza kurithi, na kumwoa ni haramu. Dada wa kunyonya harithi, na kumwoa ni haramu vile vile. Ukizipa nyuzi hizo mbili jina moja, mashine itamgawia mirathi asiyestahili. Ukiusahau uzi wa maziwa, itaozesha wasiooana.

Liko jambo jingine ninalolipenda. Orodha ya abiria isipokuwa na jina lako, husafiri. Lakini katika lugha ya kompyuta iitwayo OWL, iliyoidhinishwa mwaka 2004, lisiloandikwa halihesabiwi kuwa uongo. Huhesabiwa kuwa halijajulikana. Hiyo ni adabu ya mwanachuoni. UNESCO ilipoitia Thimlich katika urithi wa dunia mwaka 2018, ilisema yaelekea ilijengwa karne ya 16. Hilo "yaelekea" mfumaji asilikate.

Basi kijana wa Mbita au wa Lamu anayejifunza kompyuta, na akae kwanza na bibi yake amwulize nani ni nani, na kwa njia gani. Asipoifuma nasaba yake yeye, ataifuma mgeni asiyetofautisha tumbo na ziwa la mama.