Steringi Akifa, na Abaki Amekufa

Kwa yeyote aliyelelewa na vibanda vya video vya Kenya, sheria ya kwanza ya filamu haikuandikwa popote na kila mtu anaijua: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatumbukia mtoni, nyumba itamwangukia, lakini mtazamaji aliye kwenye benchi hatishiki, kwa kuwa anajua jamaa atajitokeza kabla picha haijaisha. Aprili 2019 sheria hiyo ilivunjwa dunia nzima ikitazama. Tony Stark, tajiri mwenye vazi la chuma anayejulikana kama Iron Man, alikufa mwishoni mwa Avengers: Endgame, na kumbini watu wakalia. Filamu hiyo iliingiza takriban dola bilioni 2.8.

Sasa Robert Downey Jr., mwigizaji aliyelivaa vazi hilo tangu 2008, anarudi. Ila harudi kuwa Stark. Julai 2024, mjini San Diego, alipanda jukwaani amefunika uso, akavua kinyago mbele ya umati na ikajulikana kwamba atakuwa Doctor Doom, adui mkuu katika Avengers: Doomsday. Filamu hiyo imepangwa kuanza kuonyeshwa Desemba 18, 2026. Waliokuwa ukumbini walipiga mayowe ya furaha. Kwingineko ubishi ukaanza, na haujapoa hadi leo.

Umefika hata Boito. Hii ni wadi ya eneo bunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, nchi ya vilima vilivyofunikwa chai na mvua za alasiri zinazowakimbiza watu chini ya paa lolote lililo karibu. Ukumbi wa IMAX wa Barabara ya Mama Ngina, Nairobi, uko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Kwa hiyo filamu kubwa hazifiki vijijini kwa siku moja wala kwa njia moja. Kionjo hutua kwenye simu ya kijana wa Boito dakika ileile kinapotua kwenye simu ya kijana wa New York. Filamu yenyewe huja baadaye sana, kwa flashi iliyojazwa dukani kwa shilingi chache au kwenye kibanda cha video, na mara nyingi ni nakala isiyo na idhini ya mwenye mali, biashara ambayo Bodi ya Hakimiliki ya Kenya imekuwa ikiipiga vita kwa miaka.

Baada ya hapo huja toleo ambalo wengi hulihesabu kuwa ndilo lenyewe: lile lililosimuliwa. Nchini Kenya jina kubwa katika kazi hii ni DJ Afro, ambaye hufunika sauti za wahusika kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, akatia utani na kumwonya jambazi kabla hajapigwa. Uganda wanaye VJ Jingo anayesimulia kwa Kiganda, na Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, ambaye kanda zake zilitazamwa kote Tanzania.

Kati ya kionjo na filamu kuna miezi, na miezi hiyo ndiyo shamba la matumaini. Machi 26, 2025, Marvel, watengenezaji wa filamu hizi, walirusha matangazo ya moja kwa moja yaliyochukua zaidi ya saa tano, kamera ikipita polepole kwenye viti vilivyoandikwa majina ya waigizaji wa Doomsday. Viti vilikuwa 27. Walikuwapo Letitia Wright na Winston Duke wa Wakanda, na walikuwapo wazee wa X-Men kama Patrick Stewart na Ian McKellen, ambao vijana wa miaka ya 2000 waliwajua kwa kanda na sidii. Lakini mkulima wa chai, ambaye huchuma mwaka mzima akisubiri kutangaziwa bonasi, na ambaye mwaka 2025 alitangaziwa kiwango kilichowavunja moyo wengi magharibi mwa Bonde la Ufa, hasherehekei orodha. Anangoja kuona kilichoingia mfukoni.

Shaka ya kwanza ya mashabiki ni hiyo ya kifo. Ikiwa sura ya Stark inaweza kurudi kwa jina jingine, na ikiwa filamu zenyewe sasa zinahusu malimwengu sambamba ambamo kila mtu ana pacha wake mahali fulani, basi machozi ya 2019 yalikuwa ya nini? Mwishoni mwa 2025 kionjo cha kwanza cha Doomsday kiliongeza moto kwa kutangaza kwamba Steve Rogers, Captain America wa zamani, naye atarudi. Endgame ilikuwa imemwacha akiwa mzee aliyekabidhi ngao yake na kukaa kando. Kwa wengine hiyo ni habari njema kuliko zote za mwaka. Kwa wengine ni dalili kwamba watengenezaji wameishiwa na sasa wanafukua makaburi. Maswali yenyewe ni mafupi: "Si huyu alizeeka? Sasa amerudi vipi? Na kama anarudi kila mara, nimwogopee nini?"

Shaka ya pili inahusu kazi ya nyumbani anayopewa mtazamaji. Kuanzia 2021 hadithi za Marvel zilianza kupitia kwenye tamthilia za mtandao wa Disney+. Mtu aliyeketi kutazama Doctor Strange in the Multiverse of Madness mwaka 2022 alitakiwa awe ameona WandaVision ili aelewe kwa nini Wanda amegeuka kuwa adui. The Marvels ya 2023 ilidai hiyo hiyo na nyongeza ya Ms. Marvel. Tamthilia hizo zilipoanza, Disney+ haikuwa imefunguliwa nchini Kenya. Shabiki wa Boito aliyetaka kufuata mambo kihalali hakuwa na mlango wa kupitia.

Hapo msimuliaji wa kibanda anakuwa mhakiki bila kukusudia. Ana sekunde chache, katikati ya milio ya risasi, kueleza nani ni nani na wanagombania nini. Black Panther inaelezeka hivyo: mfalme mpya, binamu mwenye kisasi, kiti kimoja. Ukianza kueleza kwamba huyu ni yuleyule lakini wa ulimwengu mwingine, na kwamba kisa chake kilianzia kwenye tamthilia ambayo haikufika hapa, pigano limekwisha na bado hujafika popote.

Soko lenyewe limetoa hukumu yake. The Marvels iliambulia takriban dola milioni 206 duniani kote, mapato ya chini kabisa kwa filamu ya Marvel tangu mfululizo huo uanze na Iron Man. Thunderbolts* ya Mei 2025 ilisifiwa na wahakiki lakini ikaishia karibu dola milioni 380. Hata hivyo, Deadpool & Wolverine ilivuka dola bilioni 1.3 mwaka 2024, kwa hiyo si kweli kwamba watu wamechoka na mashujaa. Bob Iger, bosi wa Disney wakati huo, alikiri kwamba wingi wa kazi ulipunguza ubora, na mwaka 2024 akasema Marvel itarudi kwenye filamu mbili au tatu kwa mwaka.

Kuna pia historia ya mipango iliyovunjika. Doomsday haikuwa Doomsday. Ilipotangazwa mwaka 2022 iliitwa Avengers: The Kang Dynasty, na adui wake alikuwa Kang, aliyeigizwa na Jonathan Majors. Desemba 2023 Majors alipatikana na hatia ya kumshambulia aliyekuwa mpenzi wake, na Marvel wakaachana naye siku hiyohiyo. Miaka ya kumjenga Kang ikawa bure. Mashabiki wenye kumbukumbu wanauliza kama Doom amepewa nafasi hiyo kwa sababu hadithi inamhitaji, au kwa sababu jina la Downey linauza tiketi.

Upande wa pili wa uwanja, kampuni ya DC imeanza upya kabisa. Superman ya James Gunn ilitoka Julai 2025 ikaingiza takriban dola milioni 616, na kwa Wakenya ilikuwa na sababu ya pekee ya kutazamwa. Edi Gathegi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1979 na kukulia California, aliigiza Mister Terrific, fundi mwenye akili kali anayepigana kwa tufe ndogo zinazoruka. Watazamaji wengi walitoka wakimtaja kabla ya kumtaja Superman mwenyewe.

Wanaomfahamu tangu zamani walikuwa na deni la kudai. Mwaka 2011 Gathegi aliigiza Darwin katika X-Men: First Class, kijana ambaye kipaji chake ni kuzoea hatari yoyote ili asife. Aliuawa kabla filamu haijafika mbali, na malalamiko ya mashabiki kuhusu uamuzi huo yameendelea kwa zaidi ya mwongo mmoja. Ndiyo maana Man of Tomorrow, filamu ya Gunn inayofuata Superman na iliyopangwa Julai 9, 2027, inasubiriwa na watu ambao hoja yao kubwa si Superman. Kabla yake itatoka Supergirl, Juni 26, 2026, Milly Alcock akiwa mhusika mkuu.

Lakini matumaini mazito zaidi ya Afrika Mashariki yako Wakanda. Sababu moja ni ya kijiografia: atlasi iliyochapishwa na Marvel iliiweka nchi hiyo ya kubuni kwenye Ziwa Turkana, na mbunifu wa mavazi Ruth E. Carter alichota kutoka kwa Wamaasai na Waturkana, kazi iliyompatia tuzo ya Oscar. Sababu nyingine ni watu. Nakia ni Lupita Nyong'o. Ayo, mlinzi wa mfalme, ni Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. W'Kabi ni Daniel Kaluuya, Mwingereza ambaye wazazi wake ni Waganda. Black Panther ilipokuja Kenya Februari 2018, uzinduzi ulifanyika Kisumu, nyumbani kwa kina Nyong'o, mwendo wa saa chache tu kutoka vilima vya Bomet.

Huko Wakanda kifo hakikuwa cha mchezo. Chadwick Boseman, aliyekuwa T'Challa, alifariki Agosti 28, 2020 kwa saratani. Mwelekezi Ryan Coogler hakumtafuta mwigizaji mwingine. Black Panther: Wakanda Forever ya Novemba 2022 ilianza kwa msiba wa T'Challa, na mwishoni ikamfunua mtoto wa kiume ambaye Nakia alikuwa akimlea Haiti. Tangu hapo mashabiki wamegawanyika kambi mbili. Wapo wanaotaka T'Challa mpya aletwe, wakisema Batman hubadilishwa sura kila baada ya miaka michache na hakuna anayelia. Wapo wanaosema mtoto akue, na mama yake apewe nafasi kubwa. Coogler amesema Black Panther ya tatu ndiyo filamu yake inayofuata, na Denzel Washington alidokeza mwaka 2024 kwamba anaandikiwa sehemu humo.

Februari hiyohiyo ya 2018, filamu ya Kenya ilikuwa imefika tamasha la Berlin ikiwa na shujaa wa aina nyingine. Supa Modo ya Likarion Wainaina inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona, ambaye anapenda filamu za mashujaa kiasi kwamba kijiji kizima kinaamua kumtengenezea yake. Hakuna anayempa dawa ya miujiza. Jo anakufa, na wanakijiji wanakusanyika kutazama filamu waliyoitengeneza pamoja naye. Kenya iliichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Gharama yake isingetosha kulipia dakika chache za Doomsday, lakini hakuna mtazamaji aliyetoka akiuliza kama kifo kile kilikuwa na maana.

Kwa Doomsday jibu halitapatikana siku ya kwanza. Filamu hiyo ina mwenzake, Avengers: Secret Wars, iliyopangwa Desemba 17, 2027, na katika vitabu vya katuni hadithi yenye jina hilo ndiyo iliyovunja malimwengu yote na kuyaunda upya. Mashabiki watakuwa na mwaka mzima kati ya filamu hizo mbili wa kubishana kama wahusika watakaouawa na Doom wamekufa kweli, au wamekopeshwa tu hadi Desemba inayofuata.